Kutengeneza bodi ya saketi nyumbani Nakuru: kidhibiti joto cha inkubeta, hatua kwa hatua

14 Juni 2025: Mpango

Hii ni shajara ya bodi moja, kidhibiti joto cha inkubeta (sanduku la kuangulia mayai) ya Shosho, nyanya yangu, kule Njoro. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha, pamoja na bei na vitu vyenye vilikataa, ndio mtu akitaka kuiga asianzie sifuri.

Kidhibiti cha zamani kiliungwa kwa ile bodi ya matundu na waya za juu juu. Mezani kilifanya kazi poa kabisa, shida ni kwamba ndani ya inkubeta kuna unyevu, asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza alafu 65 hadi 70 zile tatu za mwisho, na waya nyembamba ikishaanza kushika kijani pale kwa solda inakatika kimya kimya. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 kwa siku 21 kama kuna feni inazungusha hewa. Waya ikikatika usiku katikati ya hizo siku, asubuhi Shosho anapata mayai baridi na pesa imeenda. Bodi yenye njia za shaba zimeshikana na faiba (ubao wa nyuzi za glasi) haina hiyo shida, na ukiipaka solda na vanishi inavumilia.

Kuagiza Uchina nilifikiria. Bodi zenyewe ni bei ya chini sana, kwa hizi ndogo unapata tano kwa dola chache, lakini kusafirisha kunapita bei ya bodi alafu unangoja wiki, na toleo la kwanza la kitu chochote huwa na kasoro, sasa kila kasoro ni wiki zingine. Nyumbani naweza kuchora asubuhi na jioni niko na bodi mkononi.

Njia nimechagua ni ya tona (ule unga mweusi wa printa ya leza) na pasi, manake haihitaji taa maalum wala chumba cha giza. Unachapisha mchoro kwa printa ya leza, unaupiga pasi juu ya bodi tupu ya shaba, tona inayeyuka na kushika shaba, kisha feriki kloraidi, dawa ya kula shaba, inakula shaba yote ambayo haijafunikwa. Ndio hiyo.

21 Juni 2025: Kuchora

Programu ni KiCad, ni ya bure na inafanya kazi hata kwa laptop ya zamani. Bodi ni ya upande mmoja, milimita 70 kwa 90. Ndani kuna ATmega328P, chipu inayoendesha programu, inayotumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, sensa ya DS18B20 na rezista yake ya kiloomu 4.7, skrini ndogo ya TM1637, 7805 ya kushusha volti 12 hadi 5, na rilei (swichi inayovutwa na umeme) ya volti 12 inayowasha balbu za joto.

Vipimo nilivyotumia, juu hapa ndipo watu wengi huchora vitu vidogo alafu wanalaumu pasi: njia za kawaida milimita 0.8, za volti 12 milimita 1.5, nafasi kati ya njia na njia isipungue 0.5. Pedi zote (vile viduara vya shaba vya kusoldia miguu ya vipande) milimita 2 kwenda juu. Viwanda wanaweza kufanya njia nyembamba kuliko hizi mara tano, lakini wewe uko na pasi ya nguo.

Sehemu ya stima ndio ilichukua muda mrefu zaidi. Volti 240 zinaingia kwa hii bodi na mkono wa mtu utakuwa karibu nayo, kwa hivyo niliweka milimita 6 kamili kati ya shaba yoyote ya stima na shaba yoyote ya volti 12 au 5. Tatizo ni rilei. Hizi rilei za bluu za kawaida, ukizigeuza ukaangalia miguu, mguu wa kati wa stima umekaa katikati ya miguu miwili ya koili, ile ya volti 12 inayovuta swichi. Kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mwingine ni kama milimita 6, ukiweka pedi za duara milimita 2.5 unabaki na kama 3.5 tu za faiba tupu, na kwa hewa ya unyevu hiyo sitaki kabisa. Dawa yake ni kukata mfereji kwa bodi kati ya hiyo miguu, ndio stima ikitaka kutambaa juu ya uchafu na unyevu ikose mahali pa kupita. Nimeuchora kwa safu ya kukata, nitaukata wakati wa drili.

Kwa safu ya shaba nimeandika neno CHINI kwa herufi kubwa. Umuhimu wake utaonekana.

28 Juni 2025: Printi na pasi, zilizokataa

Sina printa ya leza, natumia saiba ya mtaani. Printi ni shilingi 20. Mashine ya fotokopi pia iko na tona, inafanya kazi ileile, lakini inki ya printa ya kawaida ya rangi haisaidii, hiyo ni maji na haiyeyuki.

Karatasi ya kawaida ya A4: inashika shaba vizuri lakini haitoki. Ukiloweka kwa maji na kusugua, nyuzi za karatasi zinabaki zimegandana na tona, na ukizidisha kusugua tona inang'oka na karatasi. Achana nayo.

Karatasi ya jarida linalong'aa: watu wengi huisifu, na kweli inatoka kwa maji kama ganda la yai lililochemshwa. Lakini ni nyembamba, ilikwama ndani ya printa na dada wa saiba akakataa kuirudisha tena. “Kaka, hii mashine ikiharibika ni mimi nalipa.” Ako na haki.

Karatasi ya picha ya printa za rangi: usijaribu, na usimpe mtu wa saiba bila kumwambia. Zingine ziko na safu ya plastiki inayoyeyuka na kushikana na sehemu ya moto ndani ya printa ya leza. Hiyo ni kuua mashine ya mtu.

Alafu kuna mbili zilizopotea si kwa sababu ya karatasi.

Moja ilichapishwa ikiwa imepunguzwa. Kompyuta ya saiba huwa imewekwa ikaze ukurasa utoshee, kwa hivyo faili ikatoka kama asilimia 97, na kwa macho huwezi kujua. ATmega328P iko na miguu 14 kila upande, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni milimita 33.02, sasa ukipunguza kwa asilimia 97 inakuwa 32, milimita nzima imepotea na soketi haiingii. Kabla ya kutoka saiba, toa soketi mfukoni uiweke juu ya karatasi. Kama miguu yote inakaa katikati ya pedi, lipa uende.

Nyingine iligeuzwa kama kioo. Kwa KiCad safu ya shaba ya chini unaiona kutoka juu, yaani tayari imegeuka, na ukiipiga pasi inageuka tena na kuwa sawa. Kwa hivyo usibonyeze mahali pa kugeuza. Lile neno CHINI linafaa kuonekana kinyume kwa karatasi na kusomeka sawa kwa shaba. Kama linasomeka vizuri kwa karatasi, hiyo karatasi ni ya kutupa.

5 Julai 2025: Karatasi iliyokubali

Wachapishaji wa kadi za harusi na vipeperushi wako na karatasi inayong'aa ya gramu 130, ile vipeperushi vingi hufanywa nayo. Waliniuzia shilingi 10 moja, saizi ya A4. Ni ngumu kidogo hivyo printa haiikwamishi, na mipako yake ni ya udongo mweupe unaolainika kwa maji. Printa iwekwe wino mzito zaidi na ile ya kuokoa tona izimwe.

Kusafisha shaba ndio kazi yenyewe. Stiliwulu na sabuni ya unga ya kusugua sufuria, sugua kwa duara hadi shaba iwe rangi ya waridi isiyo na doa, suuza, kisha angalia maji. Kama maji yanatandaa yakafunika bodi yote kama shuka, iko safi. Kama yanajikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia. Baada ya hapo shika kwa kingo tu, na pangusa na spiriti ya kemisti. Sanitaiza ya mikono usitumie, nyingi zina gliserini na inabaki juu ya shaba kama utando, tona haishiki hapo.

Pasi: mvuke umezimwa, moto wa mwisho, ubao wa mbao ngumu chini. Weka bodi kwanza peke yake chini ya pasi dakika moja ipate joto, alafu laza karatasi juu ya shaba bila kuisogeza tena, itashika yenyewe. Bonyeza kwa uzito wa mwili sekunde 30, kisha zunguka polepole kwa ncha ya pasi, kingo na kona ndizo husahaulika. Kwa jumla dakika nne. Nilijaribu dakika nane nikidhani ni bora, tona ikatandaa na njia mbili karibu na soketi zikaungana. Dakika mbili, nusu ya njia zilitoka na karatasi.

Acha ipoe yenyewe, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni dakika 20. Karatasi ya juu inatoka yote, inabaki ukungu mweupe kati ya njia, toa kwa mswaki mzee na kidole gumba. Huo ukungu kwa pedi ni muhimu kutoa, kale katundu ka katikati ya pedi kakibaki kamezibwa drili itakosa mahali pa kukaa.

Na hapa ndio naomba mtu aliye na haraka asimame. Kabla ya asidi (ile feriki kloraidi), kila kitu kinarudi. Tona ikiwa mbaya, kitambaa na thina, dakika moja, shaba imekuwa mpya na umepoteza karatasi ya shilingi 30 pamoja na printi. Baada ya asidi shaba imeenda, na bodi tupu ya faiba ya sentimita 10 kwa 15 ni shilingi 250. Kwa hivyo mimi nakaa na hiyo bodi mbele ya dirisha, na lenzi ya kukuza, napitia njia moja baada ya nyingine. Vishimo vidogo vya tona naziba kwa maka isiyofutika. Mahali njia zimeungana nakwaruza kwa ncha ya wembe. Zikiwa mbovu nyingi, nafuta yote na kurudia bila huruma.

12 Julai 2025: Feriki kloraidi na baridi ya Nakuru

Unga wa feriki kloraidi gramu 200 ulinifikia na mzigo wa matatu kutoka Nairobi, shilingi 400, juu maduka mengi ya Luthuli Avenue huwa nao. Niliweka kwa karibu nusu lita ya maji, unga ukiingia kwa maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya unga. Unatoa joto jingi na mvuke mchungu, kwa hivyo fanyia nje, glavu, miwani. Chombo ni plastiki au glasi. Sufuria ya aluminiamu hapana, inaliwa yenyewe. Na nguo za kazi tu, doa lake la manjano halitoki tena maisha.

Bodi ya kwanza kuingia iliingia saa moja asubuhi, Julai, Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari. Dawa ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Baada ya nusu saa shaba ilikuwa imebadilika rangi tu. Baada ya saa moja kingo zilikuwa zimeliwa na katikati bado. Ikifika saa moja na nusu katikati ikaisha, lakini hiyo dawa ilikuwa imekaa muda wote ikila kutoka pembeni, chini ya tona, na njia za 0.8 zikabaki nyuzi zilizochanika. Zimeonekana sawa kwa macho. Multimita (kipima umeme) ikasema zingine hazipitishi.

Njia ya kuona hiyo kasoro, na hii naipenda sana: zima taa ya chumba, weka tochi ya simu nyuma ya bodi. Faiba inapitisha mwanga, shaba haipitishi. Njia yenye ufa inaonyesha mstari mwembamba wa mwanga ukikata katikati, mwembamba kuliko unywele, na bila tochi usingeuona hata kwa lenzi.

Suluhisho la baridi ni rahisi. Beseni kubwa na maji ya moto, ndani yake bakuli la plastiki lenye dawa, unangoja hadi dawa ifike nyuzi 40 hadi 45, kisha bodi inaingia na unayumbisha bakuli polepole bila kuacha. Kuyumbisha kuna kazi yake, manake dawa iliyogusa shaba imeshachoka na inafaa kuondoka ndio mpya iingie. Bodi iliyofuata iliisha kwa dakika 14, kingo za njia zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Usipitishe 50, mvuke unakuwa mkali na hupati faida yoyote.

Toa ukiona shaba ya mwisho imeisha, usiiongezee “kidogo tu ya uhakika”. Suuza kwa maji mengi. Tona iache ikae, inalinda shaba hadi siku ya solda.

13 Julai 2025: Dawa iliyotumika

Hii naiandikia siku yake kwa sababu watu huiruka. Ile dawa inatumika tena na tena hadi ichoke, nimeihifadhi kwa chupa ya plastiki yenye kifuniko, imeandikwa kwa herufi kubwa na imefungiwa mahali watoto hawafiki. Usitumie chupa ya soda, mtu atakunywa.

Maji ya kusuuza na dawa iliyochoka yana shaba ndani, na shaba ikiyeyuka kwa maji inaua samaki na wadudu wa majini hata ikiwa kidogo. Sisi huku mitaro inateremkia ziwa, na Mto Njoro unaishia Ziwa Nakuru pia. Kwa hivyo hakuna kumwaga kwa sinki wala kwa mtaro. Weka magadi kidogo kidogo kwa ndoo kubwa kuliko unavyodhani, inafura mapovu vibaya. Endelea hadi isifure tena. Chuma na shaba zinashuka chini kama matope ya kahawia na kijani, maji ya juu yanakuwa meupe. Ngoja hadi kesho yake, chuja kwa kitambaa, matope yakaushe juani juu ya plastiki. Yangu nimeyachanganya na simenti kwenye kopo, yakakauka jiwe. Magadi ya shilingi 50 yametosha.

19 Julai 2025: Matundu na mfereji

Matundu ya vipande vidogo ni 0.8, ya tamino za skrubu (vibano vya kuunga waya) na rilei ni 1.3.

Biti za kabaidi zinakata faiba kama siagi lakini hazipendi kupinda hata kidogo, ukishika drili kwa mkono zinavunjika, na nilipoteza za kutosha kusema hivyo kwa uhakika. Biti za chuma cha kawaida, shilingi 50 moja, hazivunjiki ila zinafifia haraka sababu faiba ni glasi. Kwa mkono tumia za kawaida na uwe na za akiba. Mimi mwishowe nilitengeneza stendi kwa plaiwudi na reli mbili za droo kuukuu, mota ya volti 12 imefungwa kwa reli, inashuka wima bila kucheza, na hapo kabaidi zikaanza kukubali. Reli zilitoka kwa fundi wa samani jirani, shilingi 100 zote mbili.

Vumbi lake ni glasi ya kusagika. Barakoa, na kitambaa kibichi cha kupangusa. Usipulize.

Mfereji wa rilei nilitoboa matundu ya milimita 1 yakifuatana, kisha nikaunganisha kwa kipande cha bledi ya msumeno wa chuma, nikamalizia na msasa. Una upana wa kama milimita 1.5. Umechukua muda kuliko matundu mengine yote pamoja na ungekuwa mwembamba zaidi ningepunguza kazi, lakini ukiweka bodi juu na kuangalia ule uwazi kati ya mguu wa stima na koili unalala vizuri usiku.

26 Julai 2025: Solda

Tona imetoka kwa thina. Kabla ya kuweka kipande chochote nilipaka shaba yote solda: flaksi (mafuta ya kufanya solda ishike) ya pasti nyembamba, ncha pana ya pasi ya solda, unapita juu ya njia haraka na solda kidogo. Njia nene za stima nimezipa solda ya kutosha hadi zinainuka. Balbu ni wati 160 kwa jumla, chini ya ampea 1 kwa volti 240, hivyo njia za milimita 4 zinatosha kabisa, solda ni ya ulinzi wa kutu zaidi.

Vipande vifupi kwanza, virefu mwisho. Chipu haisoldwi moja kwa moja, soketi ndio inasoldwa.

Bei ya vipande, vyangu, msimu huu: ATmega328P 450, soketi 20, sensa 250, skrini 200, rilei 70, 7805 30, transista 10, daiodi 10, tamino 100, rezista na kapasita 80, fyuzi na kishikio 50, adapta ya volti 12 shilingi 350. Jumla 1,620.

Kabla ya kuwasha, chipu ikiwa nje ya soketi: multimita kati ya volti 5 na graundi (upande wa volti sifuri) isilie, kati ya volti 12 na graundi isilie, kati ya upande wa stima na upande mwingine wote isionyeshe chochote. Kisha adapta, pima 5 kwenye soketi, ndio chipu inaingia. Stima nimeiunga mwisho na kupitia balbu ya wati 60 iliyofuatana kwa waya mmoja, mafundi wa redio hufanya hivyo, kukiwa na shoti balbu inawaka tu na hakuna kinacholipuka. Kabla rilei haijashika haikuwaka. Rilei ikalia, ikawaka, na balbu za inkubeta zikapata mwanga hafifu.

2 Agosti 2025: 85

Mezani sawa. Ndani ya inkubeta, kila mara chache rilei ikizima balbu, skrini inaruka kutoka 37.4 hadi 85.0 kwa sekunde moja na kurudi.

Hiyo 85 si nambari ya bahati nasibu. DS18B20 ikipata umeme upya huanza na 85 kumbukumbuni kabla ya kupima mara ya kwanza, kwa hivyo ukiiona ujue sensa ilipoteza umeme kidogo ikaamka tena. Ukiona -127 hiyo ni programu ikikuambia sensa haijibu kabisa. Na hii ni hatari kwa mayai, manake kidhibiti kikiamini ni nyuzi 85 kinazima joto.

Kilichosababisha ni vitu viwili. Waya ya sensa ilikuwa imefungwa pamoja na waya ya balbu ndio ipendeze, na cheche ya rilei inaruka hapo ndani. Pili, kwa mchoro graundi ya koili ya rilei na graundi ya sensa zilikuwa zinatumia njia moja ya 0.8 hadi kwa 7805, rilei ikikatika kila kitu kwa hiyo njia kinatikisika.

Marekebisho ya haraka: waya ya sensa imepitishwa upande mwingine wa sanduku, kapasita ya nanofaradi 100 imesoldwa karibu na tamino ya sensa, na juu ya miguu ya stima ya rilei nimeunga rezista ya omu 100 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 100 ya aina ya X2, ile iliyotengenezewa stima. Usiweke ya kawaida hapo. Shilingi 60. Kwa programu, kipimo cha 85 au -127 kinatupwa na kinachotangulia kinabaki, na vikifuatana kwa nusu dakika buza inalia.

16 Agosti 2025: Toleo la pili na kupima joto

Bodi mpya, graundi ya rilei inarudi peke yake hadi kwa 7805, kapasita zote zina mahali pake. Kwa sababu hatua zinajulikana sasa, kuanzia printi hadi solda ilikuwa kazi ya Jumamosi moja. Bodi, karatasi na printi ni shilingi 280, dawa ni ileile.

Sensa inaruhusiwa kukosea nusu nyuzi, na nusu nyuzi kwa yai ni nyingi. Wengine hupima kwa maji yanayochemka wakidhani ni 100. Kwa mwinuko wa Nakuru maji huchemka karibu na 94, kwa hivyo utairekebisha sensa nzuri iwe mbaya. Tumia kipimajoto cha homa cha kemisti. Kinasoma hadi sehemu ya kumi, na 37.5 iko katikati kabisa ya mahali kilitengenezewa. Kikombe cha maji ya uvuguvugu, vyote viwili ndani vikigusana, koroga, soma. Yangu ilikuwa inasoma 0.4 zaidi, hivyo ingeweka mayai kwa 37.1 huku skrini ikionyesha 37.5. Imerekebishwa kwa programu.

Vanishi ya kupulizia, tabaka mbili, baada ya kuosha flaksi yote kwa spiriti. Tamino zimezibwa kwa utepe kwanza. Shosho ameweka mayai leo jioni.

7 Septemba 2025: Baada ya kutotoa

Vifaranga vimeanza kutoka jana, siku ya 21, na leo mchana kazi imeisha. Joto halikutoka kati ya 37.2 na 37.8 wakati wote isipokuwa stima ilipopotea, na hiyo bodi haiwezi kuzuia. 85 haijaonekana tena.

Nimefungua sanduku kuangalia bodi kabla ya mayai mengine. Upande wa solda ni safi, mfereji wa rilei uko wazi na mkavu. Mahali pamoja tu pameshika kijani, chini ya tamino ya sensa, pale utepe ulizuia vanishi isiingie. Nimekwaruza, nimepaka solda tena, na safari hii vanishi imewekwa kwa brashi ndogo kuzunguka kila mguu badala ya kupulizia. Ukifika hatua ya vanishi, anza na hiyo brashi.

Shosho anataka sanduku la pili la dada yake wa Molo, kwa hivyo karatasi nyingine ishaprintiwa.